Redio Jamii, Haki na Mazingira: Maswali Tunayoulizwa Mara kwa Mara

Maswali haya hutufikia kwa simu na kwa meseji, na mengine huulizwa mlangoni mwa studio na watu waliokuja kulipia tangazo la msiba wakaishia kukaa nusu saa. Kipindi chetu cha mazungumzo juu ya haki na mazingira huwa hewani kila Jumatano jioni, huku Mombasa bara. Ninayekiandaa ndiye ninayeandika haya, kwa hiyo majibu ni yangu. Wenzangu wanakubaliana na mengi, si yote.

Redio jamii ni redio gani hasa?

Ni redio ya watu wa mahali, isiyotafuta faida, na ambayo mtambo wake haufiki mbali. Sheria ya Kenya inaitambua kuwa aina ya peke yake, mbali na redio za umma na za biashara. Mang'elete, kule Makueni, ilianza kusikika 2004 ikiwa mali ya vikundi vya akina mama. Koch FM ilizaliwa Korogocho, Nairobi, mwaka 2006, ndani ya kontena. Tanzania kuna Orkonerei, kule Terrat, Simanjiro, inayozungumza na wafugaji wa Kimaasai.

Udogo wa mtambo una mambo yake. Koch FM na Pamoja FM ya Kibera ziko kwenye namba moja, 99.9, wala hazigongani. Panda matatu na kiredio chako Korogocho, usiguse kitufe, utaipoteza ya kwanza njiani na kuikuta ya pili mwisho wa safari.

Halafu kuna hili la kujuana. Mtangazaji wa redio kubwa akikosea jina la mtaa wetu, hakuna wa kumfuata. Mimi nikikosea, nitaulizwa kesho yake asubuhi nikinunua mahamri.

Kwa nini kipindi kimoja kinachanganya mazingira na haki?

Zamani tulikuwa na vipindi viwili. Cha Jumanne kilikuwa cha mazingira: mikoko, usafi wa ufuo, kupanda miti. Cha Alhamisi kilikuwa cha haki: ardhi, polisi, ujira wa vibarua. Waliotuvurugia mpango huo ni wasikilizaji. Mtu anapiga simu Jumanne, tunazungumza taka, naye anauliza mbona taka za mji mzima zinamwagwa karibu na kwake na si kule wanakoishi wanaozitoa. Hilo ni swali la Jumanne au la Alhamisi? Tukachoka kubishana, tukaviunganisha.

Chukua jaa la Dandora, Nairobi, lililofunguliwa miaka ya 1970. Korogocho iko ng'ambo tu ya jaa hilo. Mwaka 2007 Shirika la Umoja wa Mataifa la Mazingira, UNEP, ambalo makao yake makuu yako Nairobi hiyohiyo, lilitoa ripoti baada ya watoto 328 wa sehemu hizo kupimwa. Nusu yao walikutwa na madini ya risasi kwenye damu kupita kiwango kilichokubalika kimataifa wakati ule. Unaweza kuliita hilo jambo la mazingira ukitaka. Ila ukikaa na mzazi wa mmoja wa watoto hao, atakuuliza ni nani aliyeamua kwamba jaa likae pale, na hapo umeshaingia kwenye haki.

Mnakitaja kila mara kisa cha Owino Uhuru. Kilikuwaje?

Tunakitaja kwa kuwa kilitokea hapahapa petu, na kwa kuwa kila swali lililo chini ya ukurasa huu limo ndani yake.

Owino Uhuru ni kijiji cha mabanda upande wa Jomvu, Mombasa. Mwaka 2007 kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu za magari kilianza kazi kikipakana na nyumba za watu. Ndani ya betri ya gari mna madini ya risasi. Yakiyeyushwa bila kuudhibiti moshi na maji machafu, risasi hupanda hewani, hutua juu ya mabati, mvua huishusha kwenye ndoo na matangi, iliyobaki hukaa kwenye vumbi wanamochezea watoto. Haina harufu. Mwili wa mtoto hufyonza risasi mara 4 hadi 5 zaidi ya wa mtu mzima, nayo huharibu ubongo unaokua. Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango chake kinachojulikana kuwa salama.

Phyllis Omido aliajiriwa kiwandani hapo 2009. Miongoni mwa kazi zake za mwanzo ilikuwa kushughulikia ripoti ya athari kwa mazingira, na ripoti ikaonyesha kwamba kiwanda hakikustahili kuwa pale. Wakubwa hawakuipenda. Mwanawe mchanga akaugua, akatibiwa hili na lile bila nafuu, mpaka damu ilipopimwa ikakutwa na risasi. Watoto wengine wa kijiji nao wakapimwa, nao wakakutwa nayo. Akaacha kazi, akaanzisha shirika la kutetea haki na mazingira, CJGEA. Mwaka 2012 alikamatwa pamoja na wenzake kwa sababu ya maandamano, akashtakiwa kwa uchochezi, na mahakama ikamwachilia. Kiwanda kilifungwa 2014. Mwaka uliofuata alipewa Tuzo ya Mazingira ya Goldman.

Ukidhani kisa kiliishia kwenye tuzo, basi hujawahi kufuatilia kesi. Wakaazi walikwenda mahakamani 2016. Julai 2020 Mahakama ya Mazingira na Ardhi ya Mombasa iliamua walipwe shilingi bilioni 1.3, na eneo lisafishwe, la sivyo zitolewe milioni 700 za kulisafisha. Waliobebeshwa lawama hawakuwa wenye kiwanda peke yao. Idara za serikali zilizopaswa kukizuia, ikiwemo NEMA, mamlaka ya taifa ya mazingira, ziliambiwa zibebe sehemu yao. Mwaka 2023 Mahakama ya Rufaa ikatengua uamuzi huo. Desemba 2024 Mahakama ya Juu ikairejesha fidia. Mtoto aliyezaliwa mwaka kiwanda kilipoanza kazi alikuwa ana miaka 17 siku hiyo.

Redio ina kazi gani mahali penye madaktari na mawakili?

Ugonjwa unaotokana na uchafuzi hauji umejitambulisha. Kila nyumba inauguza wake kivyake. Mmoja anasema malaria, wa pili anasema jicho la watu, wa tatu anahama kimyakimya. Daktari humwona mgonjwa mmoja mmoja, naye wakili humwona aliyeamua kushtaki. Redio ndiyo inayoweza kuwasikilizisha majirani wao kwa wao.

Niseme la kwangu. Jioni moja mama mmoja alipiga simu akasema kuku wake watatu wamekufa baada ya kunywa maji ya mtaro. Nilikuwa nimejiandaa kuzungumzia jambo jingine kabisa. Kabla hajakata simu, meseji zikaanza kuingia: bata, kisha mbuzi wa mtu, kisha mtoto mwenye upele miguuni. Mbele yangu palikuwa na karatasi ya tangazo la harusi. Nikaigeuza, nikachora mstari wa mtaro kwa kalamu, na kila aliyepiga nikamwuliza, “Uko juu ya daraja au chini ya daraja?” Kipindi kilipokwisha nilikuwa na alama saba, zote chini ya daraja. Juu hapakuwa na hata moja.

Alama saba si ushahidi. Sikusema hewani kwamba fulani ametia sumu. Lakini ofisa wa afya ya umma aliyekuwa ametuambia wiki mbili nyuma kwamba “hakuna malalamiko” alipoiona karatasi ile hakulirudia neno hilo. (Tangazo la harusi tulilisoma siku iliyofuata. Bwana harusi hakufurahi.)

Kwa nini mnasema “madini ya risasi” kila mara? Si mseme “risasi” tu?

Tulisema “risasi” tu, mara moja. “Watoto wamepatikana na risasi mwilini.” Simu ya kwanza ilitoka kwa mzee aliyekuwa akihema, anauliza ni polisi gani waliopiga watoto na ni hospitali gani walikopelekwa. Alikuwa na wajukuu upande ule. Tangu siku hiyo ni “madini ya risasi, yale ya kwenye betri”, hata kama ni mara ishirini kwa saa moja.

Maneno mengine pia tumeyabadilisha. “Tathmini ya athari kwa mazingira” tunaitaja mara moja, kisha tunasema “ile ripoti ya NEMA”, kwa kuwa ndivyo wanavyoiita watu. “Ushirikishwaji wa umma” kwetu ni “kikao cha maoni”. Mtaalamu akija na maneno yake tunamsimamisha papo hapo. Wapo wanaoona tunawavunjia heshima. Lakini wengi, wakishaulizwa mara mbili, hueleza vizuri kuliko walivyokusudia.

Na lugha? Kiswahili ndicho uti wa mgongo. Mtu akianza kwa Kigiriama au Kiduruma hatumkatizi. Akimaliza, mwenzetu hufasiri kwa kifupi.

Ninaweza kuzungumza bila kutaja jina langu?

Ndiyo. Mwambie anayepokea simu kabla hujaunganishwa, naye ataandika “mkaazi”. Ila kumbuka tuliyosema juu ya kujuana. Ukisema “mimi ni fundi cherehani ninayekaa nyuma ya msikiti”, umeshataja jina. Sauti nayo hutambulika. Ukiwa na jambo zito, hasa juu ya mwajiri wako, usipige simu ya moja kwa moja. Njoo tuzungumze, tukubaliane kipi kisomwe na mtangazaji na kipi kisitoke kabisa. Namba za simu hatumpi mtu, hata anayesema anataka “kumsaidia huyo mama”.

Mbona mnamwalika mwenye kiwanda? Nyinyi mko upande wa nani?

Hili hutukanwa nalo zaidi ya yote. Tunamwalika kwa sababu mbili. Ya kwanza ni kanuni za uandishi wa habari nchini Kenya: anayetuhumiwa apewe nafasi ya kujibu. Ya pili ni ya kwangu mwenyewe. Mtu akilalamika peke yake kwa saa nzima, wasikilizaji humwonea huruma, kisha hulala. Lakini meneja akisema hewani, “Maji yetu tunayasafisha kabla hayajatoka,” hapo tumepata kitu cha kushika. Wiki ijayo tutamwuliza: yanasafishwa kwa mtambo gani, yanapimwa na nani, karatasi ya vipimo iko wapi?

Akikataa kuja, tunasema amekataa, na tunataja siku tuliyompigia. Hatuweki kiti kitupu wala hatumchezei wimbo wa mafumbo. Mtangazaji mmoja aliwahi kufanya hilo la pili, mtaa mzima ukacheka, na lile swali likasahauliwa.

Hamwogopi kushtakiwa?

Tunaogopa, na ndiyo sababu tuko makini. Kashfa kama kosa la jinai iliondolewa Februari 2017, Mahakama Kuu iliposema kifungu kile cha Kanuni ya Adhabu kinakwenda kinyume na Katiba. Hufungwi tena kwa kifungu hicho. Kesi ya madai bado ipo, na fidia yake inaweza kuuza mtambo, meza na viti.

Kwa hiyo tunawaomba wasikilizaji waseme walichokiona. “Lori jeupe lilimwaga maji meusi mtaroni saa tano usiku, nilikuwa nimesimama dirishani.” Hilo tutalirusha. “Fulani ni muuaji” hatutalirusha, hata kama moyoni tunakubaliana nawe. Fundi mitambo wetu hukaa na kidole juu ya kitufe muda wote wa simu za moja kwa moja, na hana urafiki na mtu.

Nitaipataje leseni ya kiwanda, ripoti ya NEMA au vipimo vya maji?

Kwa kuandika barua. Kifungu cha 35 cha Katiba ya 2010 kinampa kila raia haki ya kupata habari zilizo mikononi mwa serikali, na pia zile zilizo mikononi mwa mtu mwingine zikihitajika kulinda haki. Sheria ya Kupata Habari ya 2016 ndiyo inayoeleza njia. Barua inaweza kuwa kwa Kiswahili. Imeandikwa hivyo ndani ya sheria, kwa hiyo usikubali kurudishwa dirishani uambiwe kalete ya Kiingereza. Asiyejua kuandika anapaswa kusikilizwa na ofisa, na ofisa ndiye aandike.

Ofisi ina siku 21 za kujibu. Kama jambo linagusa uhai au uhuru wa mtu, ni saa 48. Ikikaa kimya au ikikataa, peleka malalamiko kwa Tume ya Haki ya Utawala, ile inayojulikana zaidi kwa jina la Ombudsman.

Ushauri wa aliyekwishapoteza barua nyingi: andika nakala mbili, na ya kwako ipigwe muhuri wa kupokelewa. Taja karatasi unayoitaka kwa jina na mwaka. Ukiandika “nataka habari zote kuhusu uchafuzi”, utajibiwa kwa kurasa nne za shukrani. Ukiandika “nakala ya leseni ya kumwaga maji taka ya kiwanda kilicho kiwanja namba fulani”, ni vigumu kukukwepa. Ukikwama, njoo na barua yako kwetu. Jumatano ya mwisho wa mwezi huwa tunazisoma hewani pamoja na idadi ya siku zilizopita.

Kama utafika hadi mahakamani, kiangalie pia kifungu cha 70. Anayedai haki ya mazingira safi si lazima athibitishe kwamba kuna mtu aliyekwisha kupata hasara au kuumia. Hungoji watu waugue kwanza.

Vikao vya maoni si vya kutia sahihi tu? Kuna faida gani kuhudhuria?

Waulize watu wa Lamu. Mpango ulikuwa kujenga mtambo wa umeme wa makaa ya mawe wa megawati 1,050 huko Kwasasi, si mbali na Mji wa Kale ambao UNESCO iliuingiza kwenye urithi wa dunia 2001. NEMA ilitoa leseni 2016. Wakaazi, wakiwemo Save Lamu, walikata rufaa. Tarehe 26 Juni 2019 jopo la rufaa za mazingira, NET, likaifuta leseni. Sababu kubwa ilikuwa kwamba wananchi hawakushirikishwa ipasavyo. Vikao vilikuwepo vya mwanzoni, kabla ya ripoti kamili kuwa tayari. Ripoti yenyewe, na madhara yake, watu hawakuelezwa.

Kwa hiyo ukienda kikaoni na kusema tu “tunapinga”, umefanya nusu ya kazi. Uliza ripoti iko wapi. Uliza nani ameisoma. Andika tarehe, waliohudhuria, na kama palikuwa na mtu wa kufasiri. Soda na biskuti kunywa na kula, hazina hatia, lakini karatasi inayopitishwa usiitie sahihi kabla ya kusoma juu yake pameandikwa nini. Tumewahi kuletewa orodha ya mahudhurio iliyogeuka baadaye kuwa orodha ya walioridhia.

Redio nayo imo kwenye kanuni. Zile za tathmini za mwaka 2003 zilitaka tangazo la mradi litolewe pia redioni, mara moja kwa wiki kwa wiki mbili mfululizo, kwenye redio inayosikika nchi nzima. Sawa. Lakini anayekaa kando ya ukuta wa kiwanda anasikiliza redio gani? Sisi hulisoma tena tangazo hilo bila malipo, polepole, mara tatu.

Pesa mnapata wapi?

Matangazo ya misiba na harusi, salamu, michango ya wanachama, na mara nyingine mradi wa shirika fulani unaodumu miezi sita. Mtangazaji halipwi mshahara, hupewa nauli.

Kampuni moja tuliyokuwa tunaifuatilia iliwahi kutuletea ofa ya matangazo ya mwaka mzima. Hawakuomba chochote. Tulikaa kikao mpaka saa nne usiku, maana transmita ilikuwa imeungua na hatukuwa na pesa ya kuitengeneza. Tulikataa kwa kura moja. Sitajifanya ilikuwa rahisi, wala kwamba waliopiga kura ya kukubali ni watu wabaya. Tulikaa siku tisa bila kusikika.

Je, huu si uchochezi? Redio si ndizo zilizowasha moto Rwanda?

RTLM, redio ya huko Rwanda, mwaka 1994 ilitaja watu kwa majina na mahali walipojificha ili wauawe. Hapa kwetu, katika vurugu za baada ya uchaguzi wa 2007, baadhi ya redio za lugha za kienyeji zililaumiwa kwa maneno ya chuki. Kwa hiyo swali ni halali na tunalibeba. Kwetu kabila la mwenye kiwanda halitajwi, la mfanyakazi halitajwi, dini haitajwi. Anayeanza “hawa watu wa kutoka bara…” hukatwa simu hapohapo, hata kama lalamiko lake ni la kweli. Ataruhusiwa kupiga tena akiwa na lalamiko bila hao watu.

Mtu akisema maji yamechafuka, na yamechafuka, huyo hajachochea. Neno hilo hupenda kutumiwa na wasiotaka kuulizwa, kama lilivyotumiwa kwa Omido 2012.

Kikundi cha wasikilizaji ni nini?

Watu wanane au kumi wanaosikiliza pamoja, redio moja, kisha wanazungumza na mmoja anaandika. Si jambo jipya. Mwaka 1973 Tanzania iliendesha kampeni ya “Mtu ni Afya” kwa njia hiyohiyo: takriban watu milioni 2 walikusanyika vikundivikundi kando ya redio, wakajadili malaria na maji machafu, kisha wakatoka kwenda kuchimba vyoo na kufyeka vichaka. Hapakuwa na simu za mkononi.

Vikundi vyetu ni vitano. Kinachofanya kazi kuliko vyote ni cha akina mama wanaouza samaki, maana wakiafikiana jambo jioni, kufikia saa nne asubuhi soko zima linalijua.

Nataka kuanzisha kipindi kama hiki. Nianzie wapi?

Usianze na mtambo. Leseni ya masafa hutolewa na Mamlaka ya Mawasiliano, inataka karatasi, pesa na subira. Anza na kipindi ndani ya redio iliyopo, hata cha dakika kumi na tano. Kurekodi, simu ya kawaida inatosha ukikaa ndani ya chumba chenye mapazia na magodoro. Mabati na vigae hufanya sauti iwe kama ya mtungini. Peleka simu karibu na mdomo wa anayezungumza. Upepo wa baharini ni adui, ufunike kwa leso.

La muhimu zaidi ni daftari, nalo ninalieleza hapa chini.

Kwani kipindi kimewahi kubadilisha chochote?

Mara nyingi, hapana. Watu wanapiga simu, wanafoka, saa inakwisha, tunapiga taarab. Nimekaa kwenye kiti hiki muda wa kutosha kujua kwamba kufoka hewani kunaweza hata kumfaa mkosaji, maana watu huondoka wakihisi wamefanya jambo.

Kilichosaidia ni daftari la jalada gumu la shilingi mia mbili. Kila mgeni mwenye cheo anayeahidi kitu hewani, tunaandika: nani, lini, ameahidi nini, kwa muda gani. Kipindi kinachofuata hakianzi na mada mpya. Kinaanza kwa kusomwa daftari. Hakuna matusi, hakuna muziki nyuma yake; ni kusoma tu, na kutaja wiki ni ya ngapi.

Ule mtaro wa alama saba uko ukurasa wa 41. Ofisa aliahidi utazibuliwa “ndani ya wiki mbili”, na maji yatapimwa. Wiki ya sita alitupigia kuomba tuache kumsoma. Wiki ya nane mkubwa wake alipiga. Wiki ya kumi na moja walikuja vijana na makoleo, wakachimba kutoka darajani hadi kwenye duka la mkaa, wakaishia hapo kwa sababu mafuta ya lori yalikwisha. Maji yalichukuliwa kwenye chupa mbili, na majibu yake hayajaja. Nusu ya mtaro na chupa mbili ndivyo vitakavyosomwa Jumatano hii.